Anakuja, Haimbi: Juma Kuu kwa Miguu Nairobi

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili 2025

Huu ni Mwaka wa Jubilei wa Kanisa Katoliki. Kauli mbiu yake ni Mahujaji wa Matumaini, na makanisa makuu ya majimbo yote yaliufungua rasmi tarehe 29 Desemba mwaka jana. Jumuiya yetu hapa Kariobangi ilikaa ikapiga hesabu. Roma hakuna wa kwenda. Subukia nako, kwenye kituo cha hija cha Bikira Maria, nauli ya watu wote ingetumaliza. Mwenyekiti wetu, fundi wa kuchomelea vyuma pale Light Industries, akasema basi tuzunguke Nairobi hii hii Juma Kuu lote, kwa miguu, anayeweza aje na asiyeweza asiulizwe. Mimi nikapewa daftari. Ndiyo haya.

Leo tumeanzia nyumbani. Nje ya lango la kanisa akina mama walikuwa wamekaa chini wakisuka misalaba ya makuti, vidole vinakwenda bila macho kuangalia. Tulibariki matawi, tukaandamana, watoto wakipigana nayo kama kawaida yao.

Kati ya waliojiandikisha yuko dada yetu aliyekuwa mwimbishaji wa kwaya. Nasema aliyekuwa. Kijana wake alikwenda mjini tarehe 25 Juni 2024, siku ile vijana walipoingia Bungeni kupinga Mswada wa Fedha. Alipigwa risasi. Kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi mswada ule, na mwili wa kijana ulikuwa bado haujapatikana. Tangu mazishi, mama yake hajaimba. Jumapili zote yupo, benchi la tatu, kitabu cha nyimbo kimefungwa mapajani. Wapo wanaosema imani yake imepoa. Mimi sikubali hata kidogo, na nitabishana nao humu humu daftarini, kwa kuwa kanisani hawanipi nafasi.

Jumatatu, Kasarani

Kabla hatujatoka, pale stejini mhubiri alikuwa ameshafungulia spika. Panda mbegu, anasema, na kabla ya Pasaka mlango utafunguka. Namba ya kutuma pesa imeandikwa kwenye kadibodi, imefungwa kwenye nguzo ya stima. Sina ugomvi na sadaka. Ninachouliza ni hiki: mbegu ikikataa kuota, mtu huyu aliyetuma nauli yake ya wiki atabaki na Mungu gani? Paulo aliwaandikia Warumi kwamba dhiki kazi yake ni kuleta saburi, na kazi ya saburi ni uthabiti wa moyo. Hakuweka tarehe. Mungu si chama cha akiba kwamba ukifikisha miezi sita unastahili mkopo.

Tulipita Korogocho, tukatokea Baba Dogo, tukaingia barabara ya Thika. Jua lilikuwa kali kwa asubuhi ya msimu wa mvua. Tulikuwa tunaelekea Nyumba ya Wazee, makao yanayotunzwa na Masista Wadogo wa Maskini. Hapo ndipo Kardinali Maurice Otunga, kardinali wa kwanza wa Kenya, alipochagua kuishi baada ya kustaafu, wazee wakiwa majirani zake, hadi alipofariki mwaka 2003.

Mwenyekiti alitusomea njiani habari za mwanzilishi wa shirika hili, Jeanne Jugan wa Ufaransa, na zimenikaa kichwani kuliko nilivyotarajia. Alianza kwa kumpa kitanda chake bibi kipofu. Akazunguka na kikapu mlango kwa mlango akiwaombea wazee. Shirika lilipokua, padre mmoja aliyekuwa akilisimamia akamwondoa katika uongozi, na mwaka 1852 akawekwa kando moja kwa moja. Akaishi miaka 27 kama sista wa kawaida tu kati ya wanovisi, wasichana wanaojiandaa kuwa masista, na alipokufa mwaka 1879, wengi wa wasichana wale hawakujua kwamba ndiye aliyeanzisha nyumba wanayolala. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2009. Fikiria miaka 27 ya kuwasikia watu wakimshukuru mwingine kwa kazi yako, na bado unaamka kwa sala ya asubuhi.

Nilikaa na shosho mmoja kwenye kibaraza. Rozari yake ilikuwa imepoteza shanga moja, na mahali pake pametiwa kifungo cha shati la mwanaume, cha matundu manne, cheupe kilichokwaruzika. Mimi ni muuza mitumba, jicho langu huenda kwenye kifungo kwanza. Nikamuuliza. Akasema, "Ni cha mzee wangu. Nikifika hapo namwombea yeye, halafu naendelea."

Shosho aliolewa akawa Mkatoliki, lakini mama yake alikuwa wa wale tuliowaita *ahonoki*, watu wa uamsho. Moto ule uliwaka Gahini, Rwanda, ukafika Kabete mwaka 1937. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, watu hawa walibanwa pande zote mbili. Walikataa kiapo cha Mau Mau wa msituni, wakisema wameshakunywa damu ya Kristo mezani, hawawezi kunywa nyingine. Watu wa serikali walipowaletea bunduki ili wawe walinzi wa kijiji, wakakataa na bunduki pia. Wengine waliuawa. Mama yake shosho alipigwa usiku, akawa anachechemea mpaka alipokufa.

Nikasema, "Shosho, mama yako hakuwa na woga."

Akanicheka. "Woga? Jua likianza kuzama alikuwa anatapika. Sisi watoto tulijua jioni imefika kwa kumsikia nyuma ya nyumba. Halafu anarudi, anafuta mdomo, anawasha taa, wenzake wanakuja wawili watatu, wanasali."

Mwimbishaji wetu alikuwa amesimama karibu. Alisikia yote. Hakusema kitu, ila tulipoondoka alimshika shosho mkono akaukawiza.

Jumanne, Gikomba

Leo sikwenda na wenzangu. Tangu kibanda changu kiungue nauza chini, juu ya turubai, mali ya kukopeshwa na mwenzangu, na Jumanne ni siku ya beli mpya. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa tayari nimechutama. Walio na pesa huchukua kamera, zile nguo za juu kabisa, kabla hazijagusa ardhi. Sisi wengine tunachambua kinachobaki. Nilipata blauzi za kutosha na suruali za watoto.

Jirani yangu wa turubai ni mama Mwislamu kutoka Majengo. Tulipoungua wote wawili, yeye ndiye aliyeniletea uji siku ya kwanza. Nikimwambia tunazunguka makanisa, akauliza kama mmoja wetu ametubu kitu kikubwa. Nilicheka nikakosa mteja.

Jioni nilikatiza Kariokor kufuata matatu. Jina hilo lilitokana na Carrier Corps, wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, waliobebeshwa mizigo ya Waingereza wakafa kwa maelfu, wengi kwa magonjwa. Sista Irene Stefani, yule Wakikuyu waliyemwita Nyaatha, mama wa huruma, aliwauguza wapagazi hao hospitalini Voi, Kilwa na Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1930 kwa tauni aliyoambukizwa na mgonjwa aliyekuwa akimhudumia. Alitangazwa mwenye heri Nyeri mwaka 2015, na baadhi ya mama wa jumuiya yetu walikuwepo. Nilisimama stejini Kariokor na gunia mabegani nikijiuliza ni wapagazi wangapi walikufa wakiwa wamemshika sista yule mkono bila hata kulijua jina lake. Kisha matatu ikaja na tukaipigania.

Jumatano, Kanisa Kuu la Watakatifu Wote

Wengine walinung'unika. Waanglikana? Wiki hii? Mwenyekiti akawajibu kwamba hija ni ya matumaini, na matumaini hayana dhehebu, halafu akaanza kutembea. Hiyo ndiyo namna yake ya kumaliza mjadala.

Tulitoka Kariobangi mapema tukashika Juja Road hadi Pangani, Ngara, tukakatiza mji. Kanisa lenyewe ni la mawe ya kijivu, minara miwili, limesimama kando ya Uhuru Park. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1917. Ndani mna ubaridi unaokufanya ushushe sauti bila kuambiwa.

Tulichoendea ni habari ya akina mama. Mwisho wa Februari 1992, mama za wafungwa wa kisiasa walikaa Uhuru Park, kwenye kona inayoitwa hadi leo Freedom Corner, wakafunga kula, wakidai wana wao waachiliwe. Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Tarehe 3 Machi walivamiwa kwa virungu na gesi ya machozi. Maathai alipigwa akazimia. Baadhi ya mama wakavua nguo, laana ambayo kila mtoto wa Kiafrika anaielewa. Waliotawanywa wakakimbilia hapa kanisani, wakapewa nafasi chini ya kanisa. Wakakaa karibu mwaka mzima. Wengi wa wana wao waliachiliwa mapema mwaka 1993.

Watu husimulia siku ile ya nguo kwa sababu inatisha. Mimi nafikiria zaidi miezi iliyofuata, ambayo hakuna mpiga picha aliyeingoja. Nani alipika? Walifua wapi? Jumanne ya kawaida ya mwezi wa saba, hakuna habari yoyote, mtoto bado yuko gerezani Kamiti, na mama anakunja blanketi lake chini ya kanisa, anapanda ngazi kusali na wenzake, anashuka. Huo ndio ustahimilivu ninaoufahamu.

Kanisa hili limeonja mengine. Julai 7, 1997, askari waliingia ndani wakati wa ibada wakapiga watu, na Kasisi Timothy Njoya wa PCEA, kanisa la Kipresbiteri, alikuwa kati ya waliopigwa. Na kule Eldoret, Askofu Alexander Muge aliambiwa hadharani na waziri kwamba akikanyaga Busia hatatoka akiwa hai. Akaenda, akahubiri, na akiwa njiani kurudi akafa kwa ajali ya barabarani, tarehe 14 Agosti 1990.

Tulipomaliza sala, mwimbishaji hakuinuka. Tukamwacha. Mwenyekiti alitutoa nje wote, akawapeleka waliokuwa na njaa kutafuta mihogo. Mimi nilibaki benchi la nyuma na daftari. Baada ya muda mrefu aliniita kwa ishara.

"Hao mama, wana wao walirudi," akasema.

"Wengi walirudi."

"Wangu harudi."

Nilinyamaza. Sikuwa na aya ya kumpa, na ningekuwa nayo nisingetoa.

"Watu wanadhani sisali," akasema tena. "Nasali. Nikifungua mdomo kuimba kinachotoka ni kilio, na kwaya si mahali pa mtu mmoja kulia. Basi nakuja nakaa. Ninyi mnaimba, mimi niko katikati. Mkinyamaza ninyi ndipo nitaanguka."

Nimeyaandika haya kwa ruhusa yake. Alisema niandike, ili wale wa benchi la mbele wasome.

Alhamisi Kuu

Mvua tangu asubuhi. Hakuna safari. Jioni Misa ya Karamu ya Bwana, na mwenyekiti akawa kati ya walioshwa miguu. Ana makovu madogo madogo ya cheche za kuchomelea, mengi kama nukta, kuanzia kisigino hadi kwenye vidole. Padre aliyaona, akapitisha kitambaa polepole. Mwenyekiti alikuwa anaangalia dari kwa aibu.

Ijumaa Kuu

Njia ya Msalaba barabarani, kutoka kituo hadi kituo, katikati ya mtaa. Mvua ilikuwa imekatika lakini matope hayakukatika. Msalaba ni wa mbao nzito, mwenyekiti na vijana wake waliuunganisha kwa boliti, na unapokezanwa mabegani. Kituo kimoja kilikuwa mbele ya duka la dawa, kingine kwenye kinyozi, kingine kando ya mtaro uliofurika. Matatu zilipiga honi, makanga mmoja akashuka akavua kofia, akasubiri tupite, kisha akarudi kuita abiria wa mjini.

Kufunga leo kumeleta maswali. Kijana mmoja anayejiandaa kwa kipaimara aliuliza kama anayefunga siku tatu anampendeza Mungu kuliko anayefunga moja. Zamani tungemsifu. Lakini mwaka 2023 tuliona Shakahola kule Kilifi, ambako watu waliambiwa wafe njaa wamwone Yesu, na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa msituni, ikiwemo ya watoto wengi. Katekista alimjibu bila kupepesa: Kanisa linadai mlo mmoja kamili leo, wagonjwa na watoto hawadaiwi, na mtu yeyote akikukataza kula hadi ufe, kimbia umwite chifu. Nilifurahi kwamba alilisema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma.

Kituo cha nne, Yesu anakutana na mama yake, kila mwaka husomwa na mama wa jumuiya. Orodha ilikuwa imetayarishwa tangu Februari na zamu ilikuwa ya mwimbishaji. Niliingoja kwa hofu. Katekista alimwendea kumwambia anaweza kumpa mwingine. Akachukua karatasi. Akasoma kama mtu anayesoma risiti, neno kwa neno, sauti haikupanda wala kushuka. Alipomaliza akairudisha karatasi na kusema, "Twende cha tano, mvua inarudi."

Kanisani padre alihubiri kifupi juu ya kilio cha msalabani, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Akatukumbusha kwamba hayo ni maneno ya Zaburi ya 22, sala ambayo Yesu aliikariri tangu utoto. Hata alipohisi ameachwa, malalamiko yake aliyapeleka kwa yule yule aliyemwacha. Hapo niliacha kuandika nikasikiliza.

Jumamosi

Kufagia, kupiga deki, kupanga viti. Mkesha ulianza giza limeingia. Moto nje ya kanisa ulikataa kuwaka, kuni zimelowa, mpaka mwenyekiti alipoleta kopo lake la dizeli, jambo ambalo sidhani limeandikwa katika kitabu chochote cha ibada. Mshumaa wa Pasaka ukaingia.

Mbiu ya Pasaka mwaka huu iliimbwa na msichana wa kidato cha nne, mwanafunzi wa mwimbishaji wetu wa zamani. Taa zilikuwa zimezimwa na mshumaa wake ukawa unamzimikia kwa kutetemeka mkono. Mwimbishaji alitoka benchi la tatu, akasimama ubavuni pake, akamshikia karatasi na kumulika kwa tochi ya simu hadi mwisho. Kila msichana alipokaribia kukosea pumzi, kidole cha mama yule kilitangulia kugusa mstari unaofuata. Midomo yake haikufunguka.

Jumapili ya Pasaka

Misa, chapati, kuku mmoja kwa nyumba tatu. Jioni tukaonyeshwa kwenye simu Baba Mtakatifu Francisko akitoa baraka pale kibarazani Roma, sauti imekwisha kabisa. Alikuwa ametoka hospitalini tarehe 23 Machi baada ya wiki tano za nimonia. Mtoto wangu akauliza mbona hawamwachi apumzike. Nililala mapema.

Jumatatu, Gikomba

Ni sikukuu lakini deni la chama halijui sikukuu. Nilikuwa nimetandaza turubai na biashara inakwenda vizuri, watu wametoka na pesa za mabaki. Karibu saa tano redio ya muuza viatu ikakatiza muziki. Papa Francisko amefariki Roma asubuhi hii.

Yule mama wa Majengo ndiye wa kwanza kunipa pole. Tulisimama kidogo, wauzaji Wakatoliki wa safu yetu, tukasali Baba Yetu juu ya marundo ya nguo. Nilikumbuka Novemba 2015, Misa ya Chuo Kikuu cha Nairobi, tulivyonyeshewa tangu usiku tukisubiri, matope hadi magotini, na kesho yake yeye akaenda Kangemi kuwaona watu wa mabati kama sisi. Muuza viatu akasema, jana tu alikuwa anabariki watu. Nikamwambia ndiyo, jana tu.

Simu ikalia. Mwimbishaji.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Jumuiya ikutane leo, tusingoje Alhamisi. Saa kumi na mbili, kwangu. Mwambie mwenyekiti alete viti, kwangu viko vinne. Na yule msichana aje, mtu wa kuanzisha nyimbo lazima awepo."

"Wewe?"

"Mimi nitapika chai. Usichelewe."

Wakati wote huo mteja mmoja alikuwa ameshikilia suruali ya jinzi ya mtoto, haiweki chini wala haulizi. Nikakata simu nikamwambia mia mbili. Akasema mia. Nikamwonyesha zipu, nikamwonyesha mshono wa ndani, nikamwambia aiangalie vizuri, hiyo ni kamera.